Ajenti ametia kufuli duka langu kwa deni la kodi, na nguo za wateja zimo ndani. Sheria yasemaje?

Fundi_wa_Kisauni · Jumanne, saa kumi na moja jioni

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni fundi wa cherehani, mwanamke, nimekodi duka hapa Kisauni mwaka wa saba sasa. Naandika nikiwa nimeketi barazani kwa jirani wa duka. Kazini siwezi kuingia, na nyumbani sina uso wa kurudi nikiwa mikono mitupu.

Leo asubuhi nimekuta kufuli geni juu ya langu, na kikaratasi kimebandikwa mlangoni: "Lipa 31,000 ndipo ufunguliwe." Hakina sahihi wala muhuri. Ndani mna cherehani zangu mbili, ovaloki niliyoinunua kwa pesa za chama, pasi ya makaa, pasi ya stima, na nguo za watu. Hizo nguo za watu ndizo zinazonichoma. Mna kanzu nane za harusi ya Jumamosi hii, mbili kati yake bado hazijatiwa tarizi ya shingo. Mna sare kumi na nne za shule na watoto wanafungua wiki ijayo. Na mna doti ya leso ya bibi mmoja, aliniletea niipinde, ni ya marehemu mamake.

Nieleze vile deni lilivyokuja. Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa mzee mmoja, Mungu amrehemu. Nilimpa 9,000 kila mwezi mkononi, naye ananiandikia risiti. Mkataba hatukuandikiana hata siku moja. Alipofariki mwaka jana wanawe wakaweka ajenti. Mwezi wa Machi ajenti akatuma ujumbe kwa WhatsApp kwamba kodi ni 12,000 kuanzia mwezi huo huo. Nililipa Machi, Aprili na Mei. Juni mume wangu akaanguka kutoka kwenye jukwaa akipaka rangi ghorofa, paja likavunjika. Pesa za duka zote zikaishia hospitali. Juni nilituma 5,000. Julai na Agosti sikutuma hata shilingi. Ajenti nilimpigia mara tatu nimweleze, akanijibu kwamba ugonjwa wa mume wangu si kazi yake.

Deni silikatai. Ninachouliza ni haya. Ana haki ya kunifungia namna hii? Nguo za wateja nazo ni zake mpaka nilipe? Na nikishindwa kabisa na hili duka, naondokaje bila kuandamwa na deni maisha yangu yote? Nilipita kituo cha polisi, wakaniambia hayo ni mambo ya madai, nimalizane na mwenye nyumba.

Kijana_Mwandoni · Jumanne, saa kumi na mbili jioni

Pole dada. Mimi ningetafuta mtu wa kukata chuma usiku, nitoe mali yangu, nihame. Kodi miezi miwili haiwezi kuwa sababu ya kumwaibisha mama wa watu hivyo. Nina rafiki ana mashine ya kukatia, sema tu.

Karani_Mstaafu · Jumanne, saa mbili usiku

Dada, usikate kufuli. Mwanangu wa Mwandoni, najua umesema kwa uchungu, lakini akikata usiku, kesho yake ataitwa mwizi aliyevunja na kutoroka na deni, na hapo sasa polisi watakuwa na kesi ya kuishika. Kwa sasa haki iko upande wake. Asiipoteze.

Nilikuwa karani katika ofisi za mawakili mjini Mombasa zaidi ya miaka ishirini. Kesi za kodi ya maduka ndizo nilizobeba zaidi mkononi, kwa hivyo nitasema ninachokijua.

Duka lako linalindwa na sheria ya mwaka 1965, Sura ya 301 ya sheria za Kenya, inayohusu maduka, hoteli na mikahawa. Watu hudhani "duka" hapo ni la kuuza unga na sukari tu. Sivyo. Mahali unapowahudumia watu kwa malipo ni duka, na kushona ni huduma. Halafu wewe unasema hamkuandikiana mkataba, na unasema kama mtu aliyekosea. Dada, katika sheria hii kutoandikiana ndiko kunakokuweka ndani ya ulinzi. Upangaji usio na maandishi, au wenye maandishi lakini hauzidi miaka mitano, ndio sheria inaouita upangaji unaodhibitiwa. Hauwezi kukatishwa kwa kikaratasi cha mlangoni.

Mwenye nyumba akitaka utoke, anakupa notisi kwa fomu maalumu iliyowekwa na sheria. Mawakili huiita Fomu A. Lazima iseme sababu, na haianzi kufanya kazi mpaka ipite miezi miwili tangu uipokee. Kuchelewesha kodi miezi miwili ni sababu inayokubalika, sikufichi, kwa hivyo usije ukakaa ukijiambia hawana la kukufanya. Lakini lazima wapite njia hiyo. Ukiipokea notisi una mwezi mmoja wa kuwajibu kwa maandishi kwamba hukubali, kisha kabla ya tarehe yake kufika unapeleka shauri kwenye jopo la kodi ya majengo ya biashara. Hapa ndipo nimeona watu wengi wakipotea. Mtu anapewa notisi, anaikunja, anaitia kwenye droo akisubiri kuitwa. Haitwi. Tarehe ikifika notisi inasimama, na hapo kumsaidia ni kazi ngumu sana.

Wewe notisi hukupewa kabisa. Kwa hivyo lile kufuli halina mguu wa kusimamia.

Sasa mali. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi ipo, Sura ya 293, na madalali wenye leseni wanaitumia. Lakini kwa duka la aina yako, mwenye nyumba hawezi kukamata kitu mpaka jopo limpe ruhusa. Na hata akiipata, vitu ulivyokabidhiwa na wateja ili uvifanyie kazi ya ufundi wako havikamatwi. Kanzu, sare na doti ya yule bibi si zako na si zake. Hapo sheria haina kigugumizi.

Nitakuuliza kitu kimoja kabla sijaendelea. Zile 12,000, ulipewa notisi yoyote ya kupandishiwa kodi zaidi ya ule ujumbe wa WhatsApp? Na risiti za marehemu mzee unazo?

Mama_Vyumba_Vitatu · Jumanne, saa tatu usiku

Mimi nasema kama mwenye nyumba, maana sisi pia tuko humu. Nina vyumba vitatu vya duka Changamwe nilivyojenga kwa mkopo. Benki hainiulizi mpangaji wangu anauguliwa na nani. Mpangaji akinyamaza miezi miwili, nalala macho.

Lakini dada, kufunga mtu na nguo za watu ni ukatili na mimi simuungi mkono ajenti wako. Nikwambie ninavyojua mambo ya ajenti: yeye analipwa sehemu ya kinachokusanywa. Ukimweleza shida zako unamweleza mtu asiye na uwezo wa kukusamehe hata kama angetaka. Wenye uwezo ni wale watoto wa marehemu. Umewahi kukaa nao? Wewe umekaa na baba yao miaka sita na hukumlaza njaa. Mtafute mkubwa wao, nenda na mtu mzima mwenye heshima mtaani, na uende na kitu mkononi, hata kama ni elfu tatu. Mwenye nyumba anayeona pesa kidogo zinakuja kwa tarehe inayojulikana ana moyo tofauti na anayeona simu haishikwi.

Fundi_wa_Kisauni · Jumanne, saa nne usiku

Karani, Mungu akubariki, nimesoma jibu lako mara mbili. Risiti za mzee ninazo zote, nimezifunga kwa mpira ndani ya kopo la biskuti, na kwa bahati kopo liko nyumbani. Malipo ya ajenti yote ni M-Pesa, jumbe ziko kwenye simu. Notisi ya kupandisha sikupewa nyingine, ni ule ujumbe tu, nao umesema "kodi mpya 12,000 kuanzia mwezi huu". Mzee pia alikuwa na diposti yangu ya mwezi mmoja, 9,000.

Mama, mkubwa wao namjua. Alikuwa akija kushonewa kwangu kabla hajahamia Nyali. Nilimwonea haya. Nitamtafuta kesho.

Karani_Mstaafu · Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi

Basi chukua kalamu tuhesabu.

Kupandisha kodi ya duka linalolindwa ni kubadilisha sharti la upangaji, na hilo pia linataka notisi rasmi ya miezi miwili. Ujumbe wa simu wa "kuanzia mwezi huu" hautoshi. Hoja yako mbele ya jopo itakuwa kwamba kodi halali ilibaki 9,000. Juni, Julai na Agosti ni 27,000. Toa 5,000 ulizotuma, yabaki 22,000. Machi, Aprili na Mei ulilipa 3,000 zaidi kila mwezi, hizo ni 9,000. Toa hizo. Deni ni 13,000, si 31,000.

Huo ni upande wako wa hesabu, nao watakuwa na wao. Diposti usiiguse katika hesabu hii, iache ilale kwa siku ya kuondoka. Lakini unaona tofauti ya mtu anayeingia chumbani akiwa na deni la 31,000 na anayeingia na la 13,000 na risiti za miaka sita ndani ya kopo.

Leo fanya hivi. Piga picha kufuli na kile kikaratasi, na tarehe ionekane. Andika barua kwa mwenye nyumba, nakala kwa ajenti, useme mlango ufunguliwe na nguo za wateja zitolewe mara moja, uorodheshe kila nguo na jina la mwenyewe, na utaje kwamba unakubali kuna deni na uko tayari kulilipa kwa mafungu. Sentensi hiyo ya mwisho usiiruke. Nimeona jopo likiwa kali sana na mpangaji anayekuja kudai haki na hana hata shilingi moja aliyoiweka mezani. Mpelekee barua kwa mkono, na nakala yako itiwe sahihi. Akikataa kutia sahihi, shahidi wako aandike kwamba alikuwepo.

Sambamba na hilo, peleka malalamiko kwenye jopo, pamoja na ombi la amri ya muda chini ya hati ya dharura, yaani karatasi ya kuomba usikizwe haraka. Jopo lina uwezo wa kusikiza malalamiko ya mpangaji na kuamuru mlango ufunguliwe kabla kesi yenyewe haijasikizwa, na kesi za Mombasa husikizwa Mombasa. Amri ikitoka unaipeleka kituo kile kile cha polisi kilichokwambia ni mambo ya madai. Safari hii watakuwa na karatasi ya kuwafanya wakusindikize.

Huna pesa ya wakili, najua. Kituo cha Sheria wamekuwa wakisaidia watu wasio na uwezo tangu 1973 na wana ofisi Mombasa. Nenda na kopo lako.

Bint_Majengo · Jumatano, saa nne asubuhi

Samahani kuingilia. Sisi si duka, ni chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili, 2,300 kwa mwezi, tuko nyuma mwezi mmoja na nusu. Mwenye nyumba amesema ataezua mabati tutoke wenyewe. Hiyo sheria ya Karani inatuhusu?

Karani_Mstaafu · Jumatano, saa tano asubuhi

Hapana mwanangu, yenu ni nyingine, Sura ya 296, ya nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha zamani sana na vyumba vya mjini vilivyobaki chini yake ni vichache, lakini nyinyi mmo. Ina jopo lake, la kodi za nyumba, na mwenye nyumba hawezi kuwatoa bila amri ya jopo hilo hata mkiwa na deni. Kuezua mabati, kukata maji, kuwasumbua ili mchoke muondoke, kwa sheria hiyo ni kosa la jinai. Mwambieni hivyo kwa upole mbele ya mzee wa mtaa, na huo mwezi mmoja na nusu anzeni kuupunguza.

Walio juu ya 2,500 hawamo humo. Wao wanarudi kwenye mkataba wao, na kama hawana, Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema upangaji wa mwezi kwa mwezi unakatishwa kwa notisi isiyopungua mwezi.

Fundi_wa_Kisauni · Jumamosi, saa tatu usiku

Ndugu zangu, nimetoka harusini sasa hivi.

Jumatano nilifika Kituo cha Sheria na kopo langu. Walinikalisha, wakapitia risiti moja moja, wakanisaidia kuandika malalamiko na ombi la dharura. Hesabu yao ilitoka 13,000, vile vile ya Karani.

Alhamisi nikaenda Nyali na shangazi yangu na mzee wa mtaa. Nilibeba barua na 4,000 nilizokopa kwenye chama. Yule kaka hakuwa na habari ya kufuli. Hakujua hata kwamba kodi ilipandishwa kwa ujumbe wa simu. Sikusema neno baya juu ya mtu, nilimwonyesha tu risiti zenye hati ya baba yake. Alizitazama kwa muda mrefu, nikaona macho yamembadilika. Hakukubali kila kitu. Alisema ndugu zake wana sauti pia, na kodi ya 9,000 kwao ni ndogo. Lakini nguo za wateja alisema zitoke.

Ijumaa baada ya Magharibi ajenti alikuja kufungua, mzee wa mtaa akiwa amesimama na orodha. Tulitoa nguo moja moja, yeye anasoma, mimi namjibu, ajenti anatia alama. Cherehani zikabaki ndani, akafunga tena. Nilikwenda kwa jirani kuazima mashine, nikakesha. Ile tarizi ya kanzu mbili nilimaliza adhana ya Alfajiri ikilia.

Doti ya bibi nimempelekea mchana huu. Aliinusa.

Mama_Vyumba_Vitatu · Jumamosi, saa nne usiku

Nimelia dada. Na hizo 4,000, umechukua risiti?

Fundi_wa_Kisauni · Jumamosi, saa nne usiku

Nimechukua mama. Ameandika kwa mkono wake, "sehemu ya kodi", na tarehe.

Fundi_wa_Kisauni · Ijumaa iliyofuata, saa tisa alasiri

Amri ya muda imetoka jana. Leo saa nne nimeipeleka kituoni, askari mmoja akanifuata, na kufuli limetolewa. Jopo limesema nisibughudhiwe mpaka kesi isikizwe, niendelee kulipa 9,000 kila mwezi kwa wakati, na lile deni nisilopinga nilipunguze kwa mafungu mawili. Tarehe ya kusikizwa ni mwezi ujao.

Nina swali moja lililobaki, nalo ndilo la kweli. Mume wangu ameanza kutembea kwa magongo, lakini kazi ya jukwaani sidhani atairudia. Hata hiyo 9,000 peke yangu, na deni juu yake, naona itanishinda ikifika Novemba, sare zikiisha msimu. Kuna dada anasuka nywele anatafuta pembe, angenilipa 4,000. Naweza kumwingiza?

Karani_Mstaafu · Ijumaa, saa kumi jioni

Usimwingize kabla hujapata idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi. Wakimkuta humo bila idhini utakuwa umewapa sababu ya pili, na hii haitakuwa na utetezi. Omba sasa, wakati yule kaka bado ana moyo nawe. Eleza kwamba hizo 4,000 zitaingia kwenye kodi yake moja kwa moja. Akikataa, bado una njia mbili. Unaweza kumpa notisi wewe, kwa fomu, ukiomba jopo liipime kodi upya. Watu hawajui kwamba mpangaji naye ana haki hiyo. Au ukiona hesabu haikubali kabisa, unamwandikia kwamba unaondoka, mnakaa mnahesabu deni mnatoa ile diposti, mnatia sahihi kiasi kilichobaki na tarehe za kukilipa, unakabidhi ufunguo mbele ya shahidi. Deni halifi kwa kuhama, wana miaka sita ya kulidai mahakamani. Lakini deni lililoandikwa 4,000 haliwezi kuja kuwa 40,000 mdomoni mwa mtu.

Usihame usiku tu, dada.

Fundi_wa_Kisauni · Ijumaa, saa tatu usiku

Sitahama usiku. Nimeandika barua ya kuomba idhini ya msusi, nakala mbili. Shangazi ataipeleka Nyali kesho asubuhi, mimi nibaki dukani. Sare tatu bado hazijatiwa vifungo.